Mguu Uliosingiziwa

Paja la kulia lilipoanza kumuuma, Mama Pindo alililaumu kanyagio la cherehani yake. Yeye si mtu wa kushindwa na chuma. Akaufundisha mguu wa kushoto kukanyaga, na wiki hizo za mafunzo kila pindo lilikwenda upande, mafundi wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mguu wa kushoto ukaijua kazi. Paja la kulia likaendelea kuuma vilevile.

Mtu mwingine hapo angejiuliza. Yeye alibadilisha kiti.

Maumivu yalizidi siku zake za mwezi zilipokaribia. Yalianzia chini ya kitovu, yakashuka pajani, yakazunguka kiunoni. Ya pajani aliyalalamikia waziwazi. Ya chini ya kitovu aliyameza, kwani tangu usichana aliambiwa mwanamke huzoea.

"Wifi, cherehani hii itakulemaza," alisema wifi yake, aliyepiga pasi katika chumba hichohicho cha ushonaji. "Niachie mimi, wewe kauze vifungo."

"Nikikuachia, wateja watavaa nini? Magunia?"

Alitania, lakini moyoni aliogopa. Bila kushona angekuwa nani? Akaahidi kwamba daktari akisema mguu umekwisha, cherehani ataitoa, amwachie wifi.

Daktari, mama wa makamo, aliupima mguu, akaukuta mzima. Kisha akamuuliza kuhusu siku zake, akambonyeza chini ya tumbo. Paja likawaka moto.

"Sasa hivi mguu sijaugusa," daktari alisema.

Akamweleza kwamba mishipa ya fahamu inayotoka ndani ya nyonga, penye viungo vya uzazi, na ile ya paja huingia kwenye uti wa mgongo karibu karibu. Habari zikifika juu, ubongo huchanganya zilikotoka. Maumivu yakikaa miaka, mishipa yenyewe huwa mikali, hata jambo dogo huipigisha kelele.

"Kwa hiyo ni mawazo yangu tu?"

"Hapana. Maumivu ni ya kweli. Tatizo liko ndani ya nyonga, paja linasingiziwa."

Mama Pindo alilia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni, akiihesabu ile miaka aliyonyamaza. Kulikuwa na vipimo vingine mbele, dawa, mazoezi ya misuli ya nyonga, pengine upasuaji. Daktari alimwonya kuwa safari ni ndefu.

"Nimefumua magauni ya harusi nikayashona upya," alijibu. "Tuanze."

Aliporudi alimkuta wifi yake amekwishaifuta cherehani vumbi. Mama Pindo akaketi, akaweka mguu wa kulia juu ya kanyagio, akasema cherehani haitoki. Halafu akaeleza yote, na ya chini ya kitovu pia, mbele ya mafundi, bila kupunguza sauti.

Alitegemea mzaha. Wifi yake alikuwa ameiweka pasi kando.

"Mimi ni kiuno," wifi alisema taratibu. "Kila mwezi. Nilidhani ni kwa kusimama kutwa."

Mama Pindo akaacha kukanyaga.

"Kesho asubuhi jiandae," akamwambia. "Nitakupeleka mwenyewe."