Ukurasa wa Tatu wa Zapryan

Zapryan Kehayov alikuwa fundi simu hapa Smolyan, mji wetu wa milimani, mpaka alipostaafu, na baada ya hapo akafanya jambo ambalo mtu mwenye akili timamu halifanyi: aliongeza kazi, tena ya bure. Miaka kumi na tisa sasa anaandika programu inayoziwezesha redio zetu za ridhaa kupelekeana barua kutoka kilele hadi kilele, bila simu wala intaneti. Theluji ikikata nyaya zote za milima ya Rodopi, sisi bado tunaandikiana. Mara nyingi tunaandikiana kuhusu theluji.

Msidhani hakushukuriwa. Bwana mmoja wa Varna alimtumia kurasa mbili za matusi kwamba programu ni mbovu. Ikaja kuonekana mashine yake haikuchomekwa kwenye umeme. Mwingine alidai arudishiwe pesa ambazo hakuwahi kulipa.

Pamoja na programu, Zapryan aliandika kitabu cha maelekezo, kurasa themanini na nne, bila kosa hata moja. Kwa miaka yote hakuna mtu aliyekikosoa, na sasa najua kwa nini.

Mambo yaliharibika mwezi Machi. Hewani kila redio ni lazima ijitaje kwa alama yake, yaani zile herufi na tarakimu unazopewa pamoja na leseni, na programu huitaja yenyewe kila baada ya dakika kumi. Zapryan, ili tuone jinsi ya kuijaza, aliweka ndani ya programu alama yake mwenyewe kama mfano, akatuagiza kwenye ukurasa wa tatu wa kitabu tuifute tuweke zetu. Ikaja barua kutoka ofisi ya serikali inayosimamia masafa ya redio: alama yake imesikika ndani ya saa moja kutoka kwa mashine sita zilizo mbali na nyumbani kwake, na kuazimisha alama ni kosa. Ama wenye mashine hizo wajieleze kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne, ama leseni aliyoipata akiwa na miaka kumi na saba ifutwe.

Jumamosi ile ile barua ilipofika, chama chetu cha redio kilikutana kama kawaida jikoni kwa Zapryan. Chama chetu kina watu saba. Yeye, na sisi sita. Hesabu hiyo haikuhitaji kompyuta.

"Jamani," alisema, barua mkononi, "nani hakusoma ukurasa wa tatu?"

"Mimi nimesoma," alisema Pencho mwoka mikate. "Kitabu chote. Hadi picha."

"Hakina picha."

"Ndiyo maana nakumbuka!"

"Watakuwa ni wale wa Plovdiv tu," akadakia Radka wa posta. "Wale hata vibao vya barabarani hawasomi."

Mimi, Spas, mwalimu wa fizikia mstaafu, nilisema nimekisoma mara mbili. Nilisema kwa sauti ile ile niliyowafokea nayo wanafunzi wavivu kwa miaka thelathini. Nikawakumbusha pia kwamba mimi ndiye niliyeshika ngazi Zapryan alipopandisha antena ya kwanza juu ya paa, kana kwamba kushika ngazi ni shahada. Ambaye angekiri angepewa onyo tu, basi. Lakini kuandika kwa mkono wako "sikusoma maelekezo"? Sisi watu wa redio, afadhali tukiri wizi wa kuku.

Minka, mke wa Zapryan, aliitua mezani kwa kishindo sinia ya banitsa, mkate wa tabaka wenye jibini.

"Kuleni. Miaka kumi na tisa mnakula cha bure, hakuna aliyewahi kuosha hata sahani."

"Shemeji, mbona unatusuta?"

"Nikusute wewe, Spas? Wewe si umesoma mara mbili!" Akamgeukia mumewe. "Na wewe, si unayo orodha? Programu si inakuonyesha mashine ipi ni ya nani? Wasomee hapa hapa!"

Zapryan alitoa karatasi iliyokunjwa mfukoni mwa shati, akaitazama, akairudisha bila kuikunjua.

"Hewani mtu hatajwi na mwenzake, Minka. Kila mtu hujitaja mwenyewe. Nikianza kuwatajia watu, hiyo leseni naitakia nini?"

Nilirudi nyumbani nimemkasirikia Minka. Nikapanda juu ya ghala nilikoiweka mashine yangu, nikaifungua, ili tu nithibitishe jinsi nilivyoonewa. Juu kabisa ya kioo kulikuwa na alama ya Zapryan. Kwa miaka sita, kila dakika kumi, mashine yangu ilikuwa ikiutangazia ulimwengu kwamba mimi ni yeye. Mkuki kwa nguruwe. Niliona aibu ya kweli.

Na kama shujaa yeyote, nilinyamaza siku kumi na mbili nikimngoja mwingine atangulie. Siku ya kumi na tatu ilikuwa Ijumaa. Saa moja jioni, kama kila jioni, tuliitana hewani, kila mtu ataje alama yake na hali ya hewa ya kwake. Zamu yangu ikafika. Nikataja alama yangu.

"Hapa kwangu ni mawingu," nikasema. "Na sikusoma maelekezo. Mashine iliyo juu ya ghala ni yangu."

Kisha ikaja sauti ya Pencho: "Na mimi. Hata hizo picha sijui." Kisha Radka, akilalamika kwamba herufi zilikuwa ndogo. Kisha wengine, mpaka tukatimia sita. Kesho yake asubuhi Radka alizipeleka barua zetu mwenyewe, na leseni ya Zapryan haikuguswa.

Lakini jioni ile, wa mwisho kuongea alikuwa yeye.

"Nimepokea, Spas. Sasa weka alama yako. Utaona namna, ukurasa wa tatu."

Nilikitoa kitabu rafuni, nikakipangusa vumbi, nikafungua. Agizo lilikuwepo, kwa wino mwekundu, mistari miwili tu. Chini yake, kwa herufi ndogo, alikuwa ameandika: "Kitabu hiki ni kwa heshima ya rafiki yangu Spas, aliyeshika ngazi."