Bajeti ya Kuihamisha Tovuti ya Nyumba ya Wageni

Mume wangu alituachia watoto watatu, nyumba ya wageni yenye vyumba tisa mjini Koboko, na tovuti. Watoto na nyumba nilijua namna ya kuvitunza. Tovuti ilikuwa kazi yake. Aliitengeneza mwenyewe miezi kadhaa, akipiga picha za vitanda asubuhi na jioni, hadi nikamwuliza kama vitanda vile vinatafutiwa wachumba. Nilimtania, lakini wageni walikuja kwa njia hiyo. Wafanyakazi wa mashirika na wafanyabiashara wanaovuka kwenda Sudan Kusini walichagua chumba wakiwa bado Kampala au Juba, ujumbe ukaingia kwenye simu yake, naye akajibu chai yake haijapoa. Alipofariki, simu ile nilibaki nayo mimi. Nikajifunza kujibu.

Halafu kampuni ya Kampala iliyokuwa ikiitunza tovuti ikaandika kwamba inaifunga huduma hiyo, na kila mteja ahamishe vitu vyake kabla ya mwisho wa mwezi. Kitakachobaki kitafutwa. Niliusoma ujumbe ule nikiwa natandika kitanda, nikakaa juu ya shuka safi. Bila tovuti ningebaki na madereva wa malori tu, watu wa kubishana bei mlangoni mpaka jogoo awike.

Nikaenda Arua kutafuta fundi. Mwenye duka la karatasi aliyenifahamu alinielekeza kwa mwanamke mmoja anayefanya kazi hizi nyumbani kwake upande wa Ayivu, bila bosi wala ofisi. Nilimkuta barazani na kompyuta yake, na uani muhogo umeanikwa juu ya turubai. Aliitazama tovuti yetu kwa utulivu, akanitajia mahesabu moja moja: kazi ya kuhamisha kurasa na picha, ada ya mwaka ya mahali papya pa kuiweka, ada ya jina la tovuti, na akiba kidogo ya kurekebisha kitakachoharibika njiani. Jumla laki nane.

Nilimshusha bei kama ninavyowashusha wauza samaki. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, kama unataka, mimi natoa picha, bei inashuka," akasema. "Lakini kazi ile ile kwa pesa kidogo, hapana."

Alinikera. Nilipofika barabarani nikagundua kwamba nimempenda.

Laki nane sikuwa nazo. Hospitali na matanga vilikuwa vimenipangusa kama sahani. Ikabidi nimwambie shemeji, kaka mkubwa wa marehemu, anayeshughulikia karatasi za malori kule mpakani Vurra. Huyu si mtu mbaya, na hilo naliandika hapa kabla hasira haijanishika. Yeye ndiye aliyelipa dawa za mwisho. Alinijibu kwamba jambo hili ni la familia, kwa hiyo familia itakaa.

Kwa wakwe zangu hakuna linalofanyika bila kamati. Ni watoto wa askari, wamekulia kambini. Kikao kinaanza kwa saa, na hakuna anayenyanyuka bila ruhusa. Kamati hiyo hiyo ilipanga bajeti ya mahari yangu, ikapanga bajeti ya matanga ya mume wangu, na sasa ilikuwa imeketi katika chumba changu cha kulia, mbele ya enyasa, ugali wetu wa muhogo, na samaki niliopika mwenyewe. Mwandishi akapiga mistari: usafiri, chakula cha fundi, malazi, soda, dharura.

Nikawaeleza kwamba fundi hatasafiri, kwamba kitu chenyewe kinahama kwa intaneti. Baba mdogo mmoja akauliza, kama ni hivyo, tutajuaje kwamba kimefika salama. Tukacheka wote. Lakini mstari wa usafiri haukufutwa. Kwao bajeti isiyo na usafiri ni bajeti ya watu waliokosa adabu. Kila mmoja akataja mchango wake, na shemeji mkubwa akachukua zaidi ya nusu. Nasema wazi, nilifurahi. Nilikwenda jikoni kuleta maji nikayafuta macho kwa khanga, nikamshukuru Mungu kwa ukoo nilikoolewa.

Niliporudi walikuwa wamempigia fundi, simu iko katikati ya meza inasema kwa sauti kubwa. Akawashukuru. Akasema amebakiza swali moja tu, akaunti mpya aifungue kwa jina la nani.

"Jina moja na simu moja," akasema. "Mwenye hiyo simu, wageni yote inakwenda kwake. Pesa pia. Akitaka kufunga, yeye peke yake anaweza funga."

Mwandishi akapitisha kalamu kwenye orodha yake. Kwenye bajeti yote ile, soda ilikuwa na mstari wake, na swali hili halikuwa na mstari. Nilikuwa nimeshafungua mdomo kutaja namba yangu.

"Andika jina yangu," shemeji akasema kwa upole. "Hii kitu iko ya ndugu yangu."

"Na mimi je?" nikauliza.

"Mama ya watoto, wewe si iko hapa? Nani amekufukuza?"

Hakuna aliyenifukuza, ni kweli. Hapo ndipo paliponiuma. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayempokea mwanamke mzigo wa kuni njiani, na wengine wakaitikia kwa vichwa wakiona jinsi alivyo mwema.

Simu ikasema tena. "Mama ya hoteli, uko hapo? Nataka kusikia wewe."

Niliwatazama wale wanaume. Hao ndio waliomwosha mume wangu, ndio waliomshusha kaburini. Nikiwakatalia, wangeondoka na michango yao bila hata kugombana, na mwisho wa mwezi ungenikuta nimekaa juu ya shuka. Mkono mtupu haulambwi. Nikasema aandike hilo jina.

Jioni niliosha vyombo nikivigonganisha makusudi ili wasikie. Hawakusikia. Walikuwa wanakunywa ule mstari wa usafiri.

Tovuti ilihama vizuri, hakuna picha iliyopotea. Fundi alinipigia mwenyewe kunieleza. Kisha akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba jina linaweza kubadilishwa siku yoyote, mradi mwenye jina akubali. Nikamwuliza hali ya muhogo wake.

Tangu hapo simu ya marehemu ilinyamaza, nikawa naichaji kwa mazoea tu. Wageni walikuwa wanafika kwanza Vurra, kwenye simu ya shemeji. Shemeji akawa ananipigia: chumba namba nne, watu wawili, kesho. Ni mtu wa bidii, hakuna mgeni aliyempotea. Malipo yaliingia kwake, naye akanitumia ya sabuni, ya mkate na ya umeme, na nikiomba ya karo ananiuliza ni ya mtoto yupi. Nilianza kumjibu kwa ukali, kisha nikaacha, kwa sababu kila niliponyamaza pesa zilifika mapema.

Alasiri moja akashuka mama mmoja mfanyabiashara kutoka Aru, upande wa Kongo, na begi kubwa. Nikalibeba mpaka chumbani, nikamfungulia dirisha, nikamwonyesha bomba. Alikuwa mtu mchangamfu. Aliniambia amelala katika hoteli nyingi lakini hajawahi kujibiwa upesi na kwa heshima kama hapa.

"Mwenye hoteli iko wapi?" akauliza. "Nataka kushukuru yeye."

Funguo zilikuwa mkononi mwangu, zote tisa.

"Iko Vurra," nikasema.

Akafungua pochi yake, akanipa noti kwa ajili ya kumbebea begi. Nikaipokea kwa mikono miwili.