Mantegbosh na Mandhari ya Mfalme

Wanatangaziwa watu wote wa Gondar, wa mlimani na wa bondeni, mapadri na walevi, pamoja na wafalme wote waliolala makaburini, kwamba Mantegbosh binti Worku, mwoka wa ile mikate yetu ya injera, mjane, mwanachama mwaminifu wa Chama cha Mikaeli, amekusudia kuizuru ngome ya kifalme. Mipango ya safari imeanza. Safari yenyewe ni ya kutoka jikoni kwake hadi upande wa pili wa ukuta wa jiko lake.

Msicheke. Ukuta wa ngome ndio huo huo ukuta wa nyuma wa jiko lake. Mfalme Fasil alijenga upande mmoja akaweka kasri, na miaka mia tatu baadaye baba yake Mantegbosh akaegemeza mabati upande wa pili akaweka mke. Mantegbosh alizaliwa hapo. Aliolewa hapo hapo, yaani mume ndiye aliyehamia, jambo ambalo marehemu Belay alikumbushwa kila walipogombana. Alizaa hapo, akazika kutoka hapo, akaoka injera za mtaa mzima hapo, na katika miaka sitini na ushee hajawahi kukanyaga ndani ya ngome. Ukimuuliza kwa nini, anakutazama kama umemwambia akate tiketi ya kwenda chooni kwake.

Tatizo halikuwa ukuta. Ukuta haukumkosea kitu, na wakati wa baridi unatunza joto. Tatizo ni mnara. Juu ya kasri kuna mnara, na juu ya mnara daima kuna watu, na watu hao, wakishachoka kutazama mawe ya wafalme, wanageuka na kutazama ua wa Mantegbosh. Wamemwona akifua. Wamemwona akimfukuza Belay kwa mwiko. Belay naye walimwona akioga, akawapungia mkono, na kwa hilo alilala nje siku mbili.

Kisha ikatokea ile kadi. Siku moja jirani yake Etagegn, mchoma kahawa, alikwenda mjini kununua uzi, na dukani akaona kadi za picha zinazouzwa kwa wageni. Kasri. Kasri jioni. Kasri na tai. Halafu Mantegbosh, amekaa kwenye kigoda juani, siagi ya kulainisha nywele imejaa kichwani, gauni la ndani limechungulia, mdomo wazi. Nyuma ya kadi waliandika: "Maisha ya kale." Etagegn alicheka hadi mwenye duka akampa maji. Mantegbosh aliposimuliwa hakucheka. Alikwenda akainunua kadi ile, akaibandika ukutani jikoni, na kila asubuhi akiwasha moto aliitukana kidogo, kama wengine wanavyosali.

Sasa sikilizeni uhuni wenyewe. Mwaka huu kilianzishwa kitu kinaitwa Ofisi ya Kupendezesha Mandhari. Kina meza tatu, mihuri saba, na mtu mmoja aitwaye Bwana Sisay ambaye ndiye anayetembea. Ofisi ikapanda mnarani, ikatazama, ikaona kwamba kichochoro chetu kinaharibu mandhari ya ngome. Kwa hiyo baada ya Pasaka kitavunjwa, paegeshwe mabasi ya wageni wanaokuja kuona mandhari. Sisi tutapewa vyumba kwenye maghorofa ya nje ya mji. Mantegbosh alipangiwa ghorofa ya nne, ambako moshi umepigwa marufuku. Mwoka injera bila moshi! Ni sawa na kumpa padri kanisa ukamwambia asifumbue mdomo.

Alilia? Hakulia. Alikuja kwenye mkutano wa Chama cha Mikaeli, tarehe kumi na mbili, siku ya Mikaeli, kama kawaida, akasubiri mkate ubarikiwe na pombe ya shayiri izunguke, kisha akasema:

"Nataka kupanda ule mnara."

Mtungi ukasimama mkononi mwa Etagegn.

"Nataka kupanda kabla hawajavunja. Nisimame palepale wanaposimama, nitazame chini. Wanasema naharibu mandhari. Haya, na mimi niyaone. Nikiona kweli ni uchafu, nachukua sululu navunja mwenyewe, wasihangaike. Nikiona si uchafu, basi Mungu amsaidie mtu wa ofisi."

Ombi lilikuwa dogo. Mtu avuke ukuta, apande ngazi, atazame, ashuke. Lakini mwenyekiti wetu ni Gashe Admasu, mwalimu mstaafu, na Gashe Admasu hajawahi kukutana na jambo dogo.

"Hili ni zito," alisema, akashika ndevu. "Hatuwezi kwenda kwa mfalme kama mbuzi waliokata kamba. Lazima iwe ziara ya chama. Mavazi meupe. Hotuba. Na chakula cha mchana, mchuzi wa kuku na mayai."

"Gashe, kuku wa nini? Ni hapo nyuma ya jiko langu!"

"Mtu haendi kwa mfalme akarudi na njaa."

"Mfalme amekufa!"

"Ndiyo maana lazima twende na chakula chetu." Akamgeukia Aba Kidane, padri anayetuungamisha sote na kwa hiyo anatujua kuliko inavyofaa. "Aba, tutafutie siku."

"Kesho," akasema Mantegbosh.

"Kesho Jumatano," akasema Aba. "Mfungo. Kuku haliwi."

"Basi keshokutwa."

"Keshokutwa ni ya Abuna Aregawi. Na Ijumaa ni mfungo tena."

"Jumamosi."

"Jumamosi ni Kidane Mihret! Unataka kumkosea Mama wa Mungu?" Aba alijipiga ishara ya msalaba. "Tena ni siku ya soko. Jumapili ni kanisa. Jumatatu ni Ewostatewos."

"Huyo nani?" akauliza Etagegn.

"Mtakatifu."

"Simjui."

"Yeye anakujua wewe. Jumanne ni Gabrieli. Na sisi wa Mikaeli tukimdharau Gabrieli, huko mbinguni itaonekanaje?"

Waliendelea hivyo hadi mtungi wa kwanza ukaisha. Kila siku ilikuwa na mwenyewe. Siku isiyo na mtakatifu ilikuwa na mfungo, isiyo na mfungo ilikuwa na soko, na moja iliyobaki mikono mitupu Gashe Admasu alikuwa na miadi ya meno. Halafu wakaufikia Mfungo Mkuu wenyewe, wiki nane za dengu, na hapo mwenyekiti akafunga mjadala kwa furaha ya mtu aliyekamilisha kazi: iundwe kamati, ziara ifanyike baada ya Pasaka.

Mantegbosh alisimama.

"Baada ya Pasaka jiko langu ni kituo cha mabasi, Gashe."

"Basi tutapita kukagua kituo."

"Hebu niambie, Aba," akasema, na sauti yake ilishuka chini, ambako ni hatari zaidi. "Fasil alipojenga kasri lake, alijenga siku gani? Kila siku mmeshaimaliza. Alijenga lini?"

Aba alifikiri. "Alijengewa."

"Waliomjengea walijenga siku gani?"

"Hao walikuwa vibarua. Vibarua hawana kalenda."

Nimekaa na wasomi, nimewasikia wakieleza dola na utabaka hadi nikaacha chuo kwa usingizi, lakini sijasikia ufafanuzi uliokamilika kama huo. Mantegbosh alilipindua kopo lake mezani, pombe ikammwagikia mwenyekiti mapajani, akatoka. Etagegn akamfuata akisema kwa sauti ili tusikie, "Dada yangu, ungekuwa mtalii wangekupandisha leo leo, na ukitapika wanakushika kichwa."

Mfungo ukaingia. Mantegbosh aliendelea kuoka, na sisi tukala hasira yake. Injera ilitoka kali kiasi cha kukunja uso. Mtu akilalamika aliambiwa akale mandhari. Gashe Admasu alipotuma mtu kununua nane, alipewa saba na ujumbe kwamba ya nane ipo kwenye kamati.

Kisha, asubuhi moja ya Jumatano, Bwana Sisay akaja kichochoroni na kopo la rangi nyekundu na brashi. Alianzia kwa Mantegbosh. Akachora msalaba mkubwa mlangoni, akarudi nyuma kidogo, akainamisha kichwa kuutazama, akaongeza rangi mguu mmoja ulipofifia. Hakuna fundi anayependa kazi yake kama mtu wa serikali anayeharibu ya mwenzake.

Mlango ukafunguka. Mantegbosh alikuwa na unga uliochacha hadi viwikoni.

"Mama, usiguse. Rangi haijakauka."

"Wewe ndiye unayesema naharibu mandhari?"

"Si mimi, mama. Ni mpango."

"Mpango una macho?"

"Mama..."

"Nakuuliza. Huo mpango ulisimama wapi ukaniona?"

Bwana Sisay, bila kujua anajifunga mwenyewe, akanyoosha brashi kuelekea mnarani. Tone jekundu likamdondokea kiatuni.

"Vizuri," akasema Mantegbosh. "Nipeleke."

"Sasa hivi? Nina nyumba nyingi za kupaka."

"Hazikimbii. Mmezipangia ghorofa ya nne." Akamshika mkono wa koti kwa vidole vyake vyote vyenye unga, na koti lile, nasema kwa heshima, halikufaa tena kuvaliwa ofisini. Akarudi ndani hatua moja, bila kumwachia, akabandua ile kadi ukutani, akatoka.

Walipita kichochoro kizima hivyo, kopo la rangi likining'inia, na kichochoro kikafuata. Etagegn alifuata na vikombe vya watu mkononi. Aba Kidane alikuwa anatoka kanisani, tumbo tupu, akauliza kuna nini, akaambiwa ziara, akasema lakini ni mfungo, akafuata. Gashe Admasu alitokeza dirishani na povu la sabuni shavuni.

"Kamati haijakaa!"

"Na ikae hapo hapo ilipo!" Mantegbosh akamjibu bila kugeuka.

Alifuata naye, na povu.

Mlinzi wa lango aliinua mkono. Tiketi. Kundi zima, tiketi. Mantegbosh alimsogezea kadi machoni.

"Huyu nani?"

Mlinzi akatazama kadi, akamtazama yeye. "Ni... wewe, mama."

"Hii inauzwa kwa ajili ya nani?"

"Wageni wa ngome."

"Basi mimi nimo humu ndani tangu zamani. Umewahi kumkatia tiketi simba wa mfalme aliyefugwa humu?"

Bwana Sisay alitoa kitambulisho chake kwa mkono uliobaki huru, akasema kwa uchovu, "Waache waingie, ndugu, hawa wako na mimi," na nadhani hayo ndiyo maneno ya kwanza ya kweli aliyosema tangu aajiriwe.

Kwenye ukumbi mkubwa, ambamo wafalme walikula nyama mbichi na kuhukumu watu, Gashe Admasu alipanua mikono. "Ndugu zangu, katika kuta hizi..."

"Sogea, Gashe, umeziba ngazi."

Alipanda. Magoti yalimlalamikia, akayatukana. Mara mbili alisimama kuvuta pumzi, na mara mbili Bwana Sisay alijaribu kutoa mkono wa koti, hakufaulu. Juu kulikuwa na upepo na mgeni mmoja, kijana mwenye kofia, ameligeuzia kasri mgongo, ameinamia ukingoni na kamera yake. Alikuwa anapiga picha kichochoro.

Etagegn alimgusa bega. "Unapiga nini hapo? Mandhari yako huku!"

Kijana hakuelewa. Alitabasamu tu, akaonyesha chini kwa kidole, akaonyesha moshi uliokuwa unapanda kutoka jiko la Mantegbosh, akaweka mkono kifuani kwa kuridhika. Bwana Sisay akakohoa. Akatazama viatu vyake. Kimoja kilikuwa na tone jekundu na hakikumsaidia.

Mantegbosh alikuwa ameshafika ukingoni. Kwa mara ya kwanza alimwachia Sisay, akashika jiwe la mfalme kwa mikono miwili, akaanza kutazama. Chini kulikuwa na ua wake: kamba ya nguo, kigoda, mtungi wa unga, kuku ambaye alikuwa anatembea bila habari kwamba Mfungo ndio uliomwokoa. Kulikuwa na mlango wenye msalaba mwekundu. Alitazama muda mrefu hadi Aba akaanza kunong'ona sala, na Gashe Admasu akafuta povu. Mimi nilingoja alie, au atulaani. Nilikuwa tayari kwa yote mawili.

Bwana Sisay alijikaza. Alisimama kiofisi, akasafisha koo, akasema kwa sauti ya mkutano:

"Haya, mama. Umepanda. Umesimama mahali pale pale. Historia yote iko mbele yako, na wananchi wanasikiliza. Sema mwenyewe, kwa haki kabisa: unaona nini?"

Mantegbosh hakugeuka.

"Bati moja limeachia," alisema. "Nani ana nyundo?"