Mwalimu Aliyechora Chukudu

Nilikuwa nikiwaonyesha walimu wa Goma jinsi ya kutumia uchoraji katika masomo ya sayansi na teknolojia. Mama mmoja, mwalimu wa miaka mingi, alinirudishia penseli.

"Papa, mimi niko mwalimu wa sayansi. Sijui kuchora."

Nikamkalisha mbele ya chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo. "Chora tu unachokiona, mama."

Alichora, akafuta, kisha akainama kutazama kipande cha tairi kando ya gurudumu la nyuma.

"Kumbe breki ni hii! Mguu unakanyaga, mpira unasugua gurudumu!"

Wiki iliyofuata nilimkuta darasani kwake amejaza ubao mzima kwa michoro ya chukudu, wanafunzi wakigombania kueleza msuguano. Nilisimama mlangoni, kifua kimejaa fahari.