Pongezi Zilizotangulia Mtihani

Mimi ni msusi, na msusi hatafuti habari. Habari zinakuja zenyewe, zinakaa kwenye kiti, zinainamisha kichwa. Lakini hii ya Mama Mkubwa wangu sikuipata kwenye kiti. Hii niliishuhudia kwa macho yangu, kwa hiyo asije mtu akanisahihisha.

Mama Mkubwa ni dada wa mama yangu, tumbo moja, na ni mfagiaji wa zahanati yetu tangu mimi bado nasukwa, sijajua kusuka. Ni mfupi, mnene kiasi, sauti yake ya chini. Ukimuudhi hakujibu. Anakutazama tu mpaka kosa lako ulikumbuke mwenyewe. Hilo sikulirithi. Mimi nikiudhiwa, mtaa wa pili wanajua.

Sasa, mbunge wetu ana jarida lake. Linatoka kila baada ya miezi michache, limejaa barabara zilizochongwa na madarasa yaliyoezekwa. Mheshimiwa anakata utepe, mheshimiwa anapanda mti, mheshimiwa amembeba mtoto wa watu anayelia. Kurasa hizo watu wanazipita mbio. Wanakwenda moja kwa moja kwenye ukurasa wa nyuma, unaoitwa Tunajivunia. Hapo ndipo wanapoandikwa watu wa kawaida: binti aliyeshinda mbio, muuguzi aliyestaafu, bibi aliyemaliza masomo ya jioni. Ukitoka kwenye ukurasa huo, basi umetoka. Utaukata, utaupeleka kwa Baba Mkubwa, mume wa Mama Mkubwa, ambaye ni seremala, naye atautia kwenye fremu ya mbao yenye kioo. Ingia sebule yoyote huku kwetu, utaziona fremu zake.

Nyumbani kwake mwenyewe kulikuwa na msumari mtupu ukutani, juu ya redio. Aliupigilia miaka mingi iliyopita.

"Baba Mkubwa, huu msumari wa nini?" nilimuuliza siku moja.

"Unasubiri," akasema, akaendelea kunywa chai yake.

Jambo lenyewe lilianza na gari la wagonjwa. Mheshimiwa alilihangaikia gari hilo mpaka likapatikana, hilo sitamnyima, haki ya mtu ni haki yake. Lakini dereva wa zahanati macho yalimchoka, akastaafu, na gari likabaki limeegeshwa kwenye kibanda chake. Mama Mkubwa alikuwa akilifuta vumbi kila asubuhi. Ikafika siku mke wa jirani yetu akashikwa na uchungu, zahanati wakasema huyu aende hospitali kubwa, na hakuna wa kuendesha. Wakampakia kwenye pikipiki. Alijifungulia kando ya barabara, kwenye majani, shuka mbili zimeshikwa na wapita njia. Mungu mkubwa, wote wawili wakawa wazima.

Mama Mkubwa alirudi nyumbani siku hiyo bado ameshika kitambaa cha kufutia vumbi.

"Nalifuta gari kama kabati la vyombo," alisema. "Nitajifunza kuliendesha."

Nilicheka. Nani asingecheka? Ana wajukuu, magoti yanamsumbua, na hata baiskeli hajawahi kupanda. Alinitazama. Nikalikumbuka kosa langu.

Daktari wa zahanati alikubali, tena akamwahidi kazi ya udereva akipata leseni. Dereva mstaafu akamfundisha humo humo uani, jioni wagonjwa wakiisha. "Macho yangu yamechoka," mzee alisema, "lakini masikio yanaisikia gia." Basi alikuwa anakaa pembeni yake anasikiliza, na gia ikilia tu anapiga kelele, "Klachi, mama! Klachi!" Saluni yangu iko ng'ambo ya barabara, kwa hiyo wateja wangu nao wakajua klachi ni nini. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hatukulifikiria. Ua wa zahanati una mageti mawili. Gari linaingilia huku, linatokea kule. Tangu zahanati ijengwe hakuna aliyewahi kurudi nyuma mle ndani.

Mtihani ulipokaribia, Katibu wa ofisi ya mheshimiwa alikwenda kwa Baba Mkubwa kutengenezesha kiti. Huyu Katibu ndiye anayeliandika jarida. Ni mteja wangu, nywele zake ngumu na kichwa kigumu zaidi. Na ana desturi yake: mchapaji yuko mbali na ni mzito, kwa hiyo jarida linafungwa mapema, na mambo yanayotarajiwa yanaandikwa kana kwamba yameshatokea. Shule haijafunguliwa, jarida limeshaifungua. Na kwa kuwa mheshimiwa akisema atakata utepe anaukata, mambo yalikuwa yakijipa. Sasa kamkuta Baba Mkubwa na mdomo wake.

"Mke wangu anafanya mtihani wa udereva," akamwambia. "Atakuwa dereva wa gari la wagonjwa. Mwanamke wa kwanza hapa kwetu!"

"Atafaulu?"

"Unamjua wewe mke wangu? Andika!"

Na yule naye akaandika.

Siku ya mtihani Mama Mkubwa aliendesha vizuri. Alipanda mlima, akasimama, akaondoka bila gari kurudi hata kidogo. Kisha askari wa barabarani akamwambia arudi nyuma, aingie katikati ya mapipa. Aligonga pipa la kwanza, akalisukuma likagonga la pili. Askari akaandika alichoandika.

Alikuja saluni moja kwa moja. Akakaa chini ya kofia ya kukaushia nywele, na nywele zake kavu.

"Nimefeli," akasema.

Papo hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mteja wangu mmoja na jarida mkononi, wino bado unanukia. "Hongera, mama! Hongera! Mbona hukutuambia?" Nyuma yake wengine wawili. Pale ukurasa wa nyuma, picha ya Mama Mkubwa na fagio lake, amenuna kama kawaida yake mbele ya kamera, na maandishi makubwa: AMEFAULU. Wallahi, nilitamani sakafu ipasuke. Mama Mkubwa alisoma mpaka mwisho. Akawarudishia jarida lao kwa adabu, akasema anakwenda nyumbani.

Nikafunga saluni nikamfuata. Tulichelewa. Baba Mkubwa alishaipigia randa fremu ya mninga, ile mbao aliyoiweka kwa ajili ya kitanda chake, na ukurasa ulikuwa umekaa juu ya redio, kioo kinang'aa. Alikuwa amesimama mbele yake, amevaa shati la kwendea harusini.

"Nimefeli, baba watoto," Mama Mkubwa akamwambia. "Niligonga pipa."

Baba Mkubwa alimtazama yeye, akaitazama fremu. Uso wake ulinyauka, nikamhurumia hata kabla sijamkasirikia.

"Lakini imeandikwa," akasema.

"Imeandikwa. Haijatokea." Akavuta kigoda, akapanda na yale magoti yake, akaigeuza fremu ikaelekea ukutani. "Isiondolewe. Ikae hivyo hivyo."

Tukabaki tunatazama mgongo wa mbao. Baba Mkubwa akaenda chumbani kubadilisha shati.

Kesho yake Katibu akaja mbio, jasho linamtoka. Sherehe ya kukabidhi ufunguo ilishapangwa, mheshimiwa anakuja, viti vimeshakodiwa.

"Mama, nisitiri," akasema. "Pokea ufunguo, tupige picha, basi. Gari likae. Mtihani utaurudia polepole, nani atauliza?"

"Na mgonjwa akija?"

"Ah, siku mbili tatu tu, mama!"

"Wewe Katibu," nikamwambia, maana uvumilivu wangu una mwisho, "ulichapa mtihani wa mtu kabla hajaufanya, na sasa unataka akuendeshee uongo wako barabarani?"

"Kwani mimi nilijiandikia? Si mzee wako aliyeniambia andika!"

Hapo wote wawili tukamgeukia Baba Mkubwa, naye akakumbuka kuwa ana gundi inakauka nje. Mama Mkubwa hakusema ndiyo wala hapana. Alisema atakuja kwenye sherehe, Katibu akaondoka anashukuru.

Mimi sikulala vizuri, nasema kweli. Akipokea ufunguo, siku ya kwanza mtu akizidiwa ataambiwa aendeshe, na asiye na leseni akigonga mtu hakuna jarida litakalomwokoa. Akikataa, amemwaibisha mheshimiwa mbele ya watu wake, na kazi aliyoitamani anaweza kupewa mwingine papo hapo. Kote kote ni moto.

Siku yenyewe uani palijaa. Maturubai, spika, gari limefungwa utepe usoni kama bibi harusi. Mheshimiwa akaongea, akapigiwa makofi, kisha akamwita dereva wetu shujaa. Mama Mkubwa akapita mbele na sare yake ya ufagiaji. Mheshimiwa akaunyanyua ufunguo, mpiga picha akapiga goti. Mama Mkubwa akaweka mikono nyuma.

"Mheshimiwa, ahsante kwa gari," akasema kwenye kipaza sauti, kwa ile sauti yake ya chini, ikabidi watu wote wanyamaze ili wasikie. "Ufunguo siupokei. Mtihani nilifeli. Kurudi nyuma kulinishinda, nikagonga pipa. Jarida lilitangulia, na kutangulia si kufika."

Katibu alikuwa anatazama viatu vyake. Kisha sauti ya mwanamume ikatoka nyuma, kali: "Sasa sisi tukiugua tupande nini?"

"Pikipiki," Mama Mkubwa akamjibu. "Kama mnavyopanda sasa. Nami nitawaona mkipita, na aibu itakuwa yangu. Lakini sitawapakia kwenye gari nisiloweza kulirudisha nyuma."

Mtu akacheka, sio kwa ubaya, na kicheko kikaenea. Mheshimiwa naye, wanasiasa wana akili jamani, akacheka na umati, kisha akautia ufunguo kwenye kiganja cha dereva wake mwenyewe. "Huyu atakaa hapa mpaka mtihani ujao," akatangaza. "Mimi nitatembea na gari la Katibu." Hapo makofi yakawa makubwa kuliko ya hotuba. Ila aliposhuka jukwaani nilimsikia akimwambia Mama Mkubwa, taratibu na bila kucheka: "Nafasi yako ipo, mama. Lakini ukifeli tena, itabidi tuajiri mwingine."

"Ndiyo haki," Mama Mkubwa akasema.

Tangu hapo alikuwa mtu wa kurudi nyuma. Nisiwafiche, tulichoka. Dereva mstaafu alifunga geti la pili kwa kufuli, Baba Mkubwa akatoa mapipa ya maji ya nyumbani akayapanga uani mwenyewe, bila kuombwa, na nyumbani kwao wakawa wanateka maji kwa ndoo. Alikuwa anakuja na msasa wake, anajifanya ana kazi zahanati, kumbe anamwelekeza mkewe kwa mikono. "Kushoto! Kushoto ya kwangu!" "Ya kwako ipi, mzee, na wewe umegeuka?" Yale mapipa yakapata vibonyeo. Watoto mtaani wakampa jina la Mama Pipa, nikataka kuwachapa, yeye akasema waache, jina si kidonda.

Na kila nilipoingia kwao niliikuta ile fremu imetazama ukuta. Wageni waliuliza. Baba Mkubwa alikuwa akijibu, "Inasubiri," tena bila utani.

Siku ya mtihani wa pili hakumwambia mtu yeyote ila mimi, kwa sababu alinihitaji nimsuke. "Nisuke vizuri," akasema, "nisije nikafeli na nywele zimetimka." Nilimsindikiza. Ilipofika zamu ya mapipa nilifumba macho. Sikusikia kitu. Nilipofumbua, gari lilikuwa katikati, limetulia, na Mama Mkubwa ndani yake anajifuta shingo.

Tukiwa njiani kurudi tulimkuta Katibu mlangoni pa ofisi yake. Nikampigia kelele toka mbali: "Amefaulu! Haya, andika sasa!"

Katibu alifurahi, akamkumbatia kweli kweli. Kisha akajikuna kichwa. "Tatizo ni kwamba... hiyo tulishaiandika, dada. Mheshimiwa amesema tangu sasa kisichotokea hakichapwi. Na kilichokwisha chapwa hakirudiwi."

Nilifungua mdomo nimpe yake. Mama Mkubwa akanishika mkono.

"Twende nyumbani," akasema.

Baba Mkubwa hakuwepo, alikwenda kupeleka meza ya mtu. Mama Mkubwa alivuta kile kigoda, nikamshikilia kiunoni, akapanda. Akaigeuza fremu. Akafuta kioo kwa ncha ya nguo yake, akashuka, akaenda kubandika chai. "Na usimwambie kitu," akaniambia toka jikoni.

Baba Mkubwa akaingia analalamika. Njia mbovu, mteja mbishi, mgongo unauma. Akanawa mikono. Akaja kuwasha redio, na mkono ukabaki hewani.

Alisoma lile neno kubwa, kisha akasoma ukurasa wote, midomo inacheza kama mtoto anayejifunza kusoma. Mama Mkubwa alisimama mlangoni na birika.

"Imekaa upande," Baba Mkubwa akasema mwishowe. Akanyoosha mikono kuiweka sawa fremu ambayo haikuwa upande hata kidogo, na mikono ile inayopiga msumari bila kutazama ikawa inaisukuma huku na huku, mpaka Mama Mkubwa akaweka birika chini, akaja kumsaidia kuishika.