Mastura Alitaka Misuko Mitatu

Haya yalinikuta mimi mwenyewe, si jirani wala mtu wa redioni. Na siku hiyo nilikuwa nimekula nikashiba, msije mkasema ni njaa.

Vita vilikuwa vimekwisha, nasi tumerudi mtaani kwetu Kyebando kutoka ukimbizini. Mjukuu wangu Shamimu alikuwa chuo kikuu, anasomea udaktari wa ng'ombe, na mimi hata darasa la tatu sikulifikia! Mchana darasani, jioni anasuka nywele kwenye kibanda cha mama mmoja pale senta, penye maduka. Anakula huku kitabu kiko magotini, vidole vimechanika kwa uzi. Nani mwingine mtaani alikuwa na mtoto kama huyo? Nani?

Siku moja mtihani wake ukaangukia jioni, mwenye kibanda akasema, "Asipokaa mtu kwenye kile kiti leo, kesho naweka mwingine." Kazi ikipotea, chuo nacho kwisha. Nikamwambia Shamimu, "Nenda. Nitakaa mimi."

"Jaja, utawasuka watu misuko ya enzi za Waingereza?"

"Watapendeza kuliko unavyowasuka wewe. Toka!"

Nikasuka hadi jua likaanza kuzama. Mwenye kibanda alikuwa ameenda sokoni. Akaingia msichana bila hodi, akakiacha kiti cha wateja, akakaa mkekani katikati ya magoti yangu. Nani anakaa hivyo siku hizi? Ni sisi tulikaa hivyo, mimi na rafiki yangu Mastura, barazani kwa mama yake. Leo ananisuka, kesho namsuka, tunatafuna karanga na kuwasengenya waume ambao hata hatujawapata. Wallahi, siku zile zilikuwa tamu.

Na shingo ya msichana huyu ilikuwa ya Mastura, pamoja na lile kovu la moto nyuma ya sikio. Nikasema moyoni, huyu ni binti yake. Halafu nikakumbuka Mastura hakuzaa. Tulimzika njiani tukikimbilia Sudani, haraka haraka, risasi zinalia nyuma yetu. Kichwa chake hakuna aliyepata nafasi ya kukigusa.

"Nikusuke vipi, mwanangu?"

"Mitatu tu. Ielekee nyuma."

Mliowahi kuosha maiti ya mwanamke mnajua. Misuko mitatu sisi Waislamu tunamsukia marehemu.

Nilisuka. Ningemnyima vipi? Kila nikipitisha chanuo, udongo mwekundu unadondoka. Sikuogopa, niaminini. Nililia tu, kwa kuwa nywele zilikuwa nzuri vilevile.

Nilipomaliza akageuka. Uso wa usichana wake, na ule mwanya.

"Umezeeka vibaya, we kichwa-jiwe!" Akacheka, akapapasa mkeka. "Haya, shuka. Zamu yako."

Na nilitaka! Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo. Magoti yalishaanza kukunjika yenyewe. Kisha nikajiuliza, mtihani ujao nani atakaa kwenye kiti hiki? Nikasema, "Mastura, mtoto hajamaliza chuo."

Akanitazama sana. "Basi nitangoja amalize."

Mwadhini akaanza kuita magharibi. Nikageuza uso mlangoni, kurudisha macho, mkeka mtupu, umebaki udongo.

Shamimu alimaliza. Siku ya joho nilicheza mpaka kiatu kikakatika, na kabla hajalivua nikamshika mkono: "Sasa anza shahada ya pili." Watu wakadhani ni maringo ya bibi. Sasa yuko ya tatu, ana watoto wake, ananuna. "Jaja, nisome mpaka lini?" Namsukumia kitabu. Na tangu jioni ile hakuna mkono uliogusa kichwa changu ila wangu.

Nanyi, akiwajia mliyempenda, mpeni alichokosa. Lakini akisema shuka, zamu yako, mwambieni mna mtoto bado anasoma. Na awepo kweli. Wale hawadanganyiki.