Mkanda wa Taimingi na Chaki ya Buluu

Taa iliwaka asubuhi moja nikitoka Kasoli, barabara kavu, nami napiga mluzi. Ilikuwa taa ndogo ya rangi ya chungwa pembeni mwa kipima mwendo. Tangu ninunue pikapu sikuwahi kuiona ikiwaka, ila sekunde ile ya kuzungusha ufunguo. Madereva wengi wa Bariadi walikuwa na taa kama hiyo kwenye magari yao na hawakujua kazi yake. Mimi nilijua. Ilikuwa inasema mkanda wa taimingi umemaliza safari yake.

Nilikuwa na diploma ya ufundi magari, na sikubebwa na mjomba wala padri kuipata. Nililima vibarua vya pamba Shishiyu nikajilipia ada, nikasoma, kisha nikafanya kazi Dar es Salaam katika karakana ya shirika la umma. Shirika lilipouzwa tukapunguzwa, wenzangu walibaki vijiweni wakilaumu soko huria. Mimi nilinunua pikapu ya dizeli iliyotumika Japani, nikapakia mke, watoto na cherehani, nikarudi nyumbani nikiendesha mwenyewe. Wakati huo Bariadi ilikuwa makao ya wilaya tu, na wenye diploma ya magari tungetosha kwenye kigoda kimoja. Kigoda hicho nilikikalia mimi.

Mkanda wenyewe ni wa mpira, una meno. Unaiunganisha krenki inayosukuma pistoni na kamshafti inayofungua valvu, ili pistoni ikipanda, valvu ziwe zimeshapisha njia. Ukikatika haupigi kelele kwanza. Pistoni inapanda, inazikuta valvu zingali chini, na injini imekufa. Kule karakanani niliwahi kufungua injini ya namna hiyo. Valvu zilikuwa zimepinda kama misumari iliyopigwa na mtu asiyejua nyundo. Kwa hiyo kuhusu lini, sikuwa na swali. Taa ikiwaka ni sasa.

Jirani yangu, dereva wa lori la pamba, aliitazama taa akacheka.

"Mkubwa, hiyo bandika utepe mweusi. Hutaiona tena."

"Na mkanda?"

"Mkanda unauonea wapi? Si umejificha huko ndani?"

Swali lilikuwa nani aufunge. Ningeweza kulipeleka gari Mwanza, kwenye gereji kubwa. Lakini nilikuwa nimeshautangazia mji kwamba pikapu yangu haiguswi na mkono wa mtu mwingine. Tena Jumatatu msimu wa pamba ulikuwa unafunguliwa. Mmoja wa wale wanunuzi binafsi wapya alikuwa amenipa kazi ya kuzungusha mizani na magunia yake Kasoli msimu mzima, akaniambia mbele ya watu kwamba nisipoonekana Jumatatu alfajiri, atachukua pikapu nyingine. Nilipanda basi hadi Mwanza, nikanunua mkanda mpya na rola yake ya kukazia, nikarudi siku hiyohiyo.

Jambo moja sikumwambia mtu. Chuoni tulijifunza kwa malori ya zamani ambayo taimingi yake ni gia tupu, chuma kwa chuma. Mkanda nilikuwa nimeona ukifungwa. Kuufunga kwa mikono yangu, bado.

Jumamosi nilianza mapema, uani, hatua chache kutoka barazani ambapo mke wangu alikuwa akishona sare za shule. Mitumba ilikuwa imemuulia kazi ya magauni. Sare ndizo zilizobaki. Wapita njia walinisalimu, "Mwangaluka, fundi!" na baadhi walisimama kutazama. Nilitoa feni, nikatoa puli, nikafungua mfuniko. Mkanda wa zamani ulikuwa na nyufa kila baada ya meno mawili matatu. Niliwaonyesha watazamaji kama mchungaji anavyoonyesha dhambi.

Nililinganisha alama za kiwandani, nikalegeza rola, nikavua mkanda. Hapo kamshafti ikaruka yenyewe kidogo, imesukumwa na springi za valvu. Niliirudisha kwa kukisia kwa macho. Kuinama nikitafuta kialama mbele ya wale watu niliona haya. Nikavisha mkanda mpya, nikakaza, nikarudisha mfuniko, nikachukua ufunguo wa gari.

"Baba," mke wangu akaita, macho yakiwa kwenye pindo la sketi. "Hujaizungusha kwa mkono."

"Hii si cherehani, mama."

"Ina mkanda. Ina kinachopanda na kinachoshuka. Mimi nikibadilisha sindano sikanyagi mpaka nimezungusha gurudumu kwa mkono. Nikikosea navunja sindano moja. Wewe ukikosea unavunja nini?"

Dereva wa lori alipiga makofi. "Shemeji, mpe diploma yake!"

Niliweka spana kwenye bolti ya krenki ili tu kumnyamazisha. Ilizunguka vizuri robo, ikawa nzito, ikagoma.

"Kompresheni hiyo," dereva akasema. "Dizeli ndivyo zilivyo. Chomeka bomba kwenye spana, usukume."

Bomba nilikuwa nimeshalishika. Mke wangu akasimama, uzi ungali mdomoni.

"Sindano ikigota," akasema, "huwa siongezi mguu."

Nililiweka bomba chini. Nilifungua zile plagi nne za kupashia moto ili hewa inayobanwa itoke, nisisingizie kompresheni tena, nikazungusha kwa mkono mmoja, polepole kama mtu anayepapasa gizani. Ilikuja laini, kisha tk. Palepale. Hewa haigongi hivyo. Ni chuma kimekuta chuma.

Jasho lililonitoka pale silisahau. Kama ningezungusha ule ufunguo, stata ingezipinda valvu zote kwa mpigo mmoja, na kila nilichokivuna Dar kingekuwa kimekaa uani kama banda la kuku. Nilirudisha spana nyuma kidogo, nikafungua mfuniko tena. Alama ya kamshafti ilikuwa imepita meno mawili.

"Niazime chaki," nikamwambia.

Alinipa ile ya buluu ya kuchorea vitambaa. Safari hii niliinama, tena niliinama sana, waone wanaotaka kuona. Nilichora kila gia na jino la mkanda linalokaa juu yake, nikahesabu meno kwa sauti, nikafunga upya. Nikazungusha krenki mizunguko miwili kamili. Laini mwanzo mpaka mwisho, na alama zote, ya krenki, ya kamshafti na ya pampu ya dizeli, zikarudi mahali pake.

Nikarudisha plagi na mfuniko, nikawasha. Ilidaka mara moja, ikanguruma sawasawa, bila kugonga popote. Niliegemea mlango nikaisikiliza. Mke wangu alirudi kwenye kiti chake, akazungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, kisha akakanyaga.

Jumatatu alfajiri nilikuwa Kasoli na mizani nyuma, na msimu ule wote pikapu haikulala njiani hata siku moja. Baada ya hapo nimefunga mikanda mingi ya watu, na haupo hata mmoja ulioruka jino. Anayeniuliza kama aufunge mwenyewe namjibu afunge, mradi awe na subira ya kuzungusha kwa mkono mara mbili.

Yule dereva wa lori alikuja mwezi uliofuata, na gari la kaka yake.

"Namtafuta fundi," akasema.

"Si huyu hapa?"

"Aah, mkubwa. Namtaka yule mwenye chaki."

Nikamwonyesha baraza.